Mfuta vumbi na zulia alilopewa bure

Saa moja kasoro asubuhi, upepo umeshaamka. Kwenye sebule ya watu, mwanamke wa miaka hamsini na minne amepiga magoti anafuta ukingo wa dirisha kwa kitambaa chenye unyevu. Amekikunja mara mbili. Upande mmoja ukichafuka anageuza mwingine, na pande zote nane zikiisha ndipo anakisuza. Maji ya ndoo yameshakuwa mekundu.

Mtaani wanamwita Bi Kitambaa, na jina amelipokea. Ufagio mkavu haugusi hata kwa dawa.

"Ukifagia vumbi kavu hujalitoa, umelihamisha," anasema. "Linapanda juu, linakungoja ugeuke, linashuka."

Huku mvua ni mgeni wa siku chache, vumbi ndilo mwenye nyumba. Bi Kitambaa anapambana nalo katika nyumba tatu kwa siku, siku sita kwa wiki, mwaka wa kumi na tisa huu. Huanza na feni na juu ya makabati, sakafu huja mwisho. Mashuka huyafua kwa maji ya moto kila wiki. Ikifika saa nne madirisha yote yamefungwa.

Mengi ya haya aliyapata kwa tajiri wake mmoja, mwalimu, ambaye mwanawe alikuwa na pumu. Mwalimu alirudi hospitali na karatasi ya daktari, akamsomea: mapazia mazito yashushwe, midoli ya manyoya itoke, zulia litoke. Bi Kitambaa akavitoa vyote kwa mikono yake. Baada ya miezi miwili mtoto yule alikuwa anacheza mpira.

Zulia lilikuwa zito na zima kabisa. Mwalimu alimwambia kama analitaka achukue, na nani angekataa? Nyumbani ana chumba kimoja cha sakafu ya udongo, na mjukuu wa miaka sita anayemlea tangu mama yake aende mbali kutafuta kazi. Asubuhi udongo ule ni baridi. Alilianika zulia juani siku mbili, akalicharaza fimbo mpaka mkono ukafa ganzi, akalitandika chini ya godoro la mtoto. Mtoto alifurahi, akawa analigaragaria kutwa.

Kinyozi hajinyoi, wahenga walisema. Wiki ya tatu mtoto akaanza kukohoa, bibi akasema mafua. Kifua kikapiga mluzi, bibi akasema mafua hayajaisha. Asubuhi moja midomo ikawa ya bluu, jirani mwenye pikipiki akawakimbiza hospitali.

Muuguzi alimuuliza, "Mama, mtoto analala juu ya nini?"

Bi Kitambaa akajibu kwa fahari kwamba mjukuu wake halali chini, ana zulia la maana, limetoka nyumbani kwa mwalimu.

"Nilipolitaja ndipo nikasikia ninachosema," anasema, na kitambaa kinasimama mkononi. "Nililitoa mwenyewe nyumba ile ili mtoto wa watu apumue. Nikamlaza wangu juu yake."

Ukimuuliza ilikuwaje, hatafuti pa kujificha. "Nilidhani ni ugonjwa wa watoto wa matajiri. Wetu wamezaliwa vumbini, nikasema wamezoea."

Daktari alimweleza kwamba vumbi na wadudu wasioonekana hukaa ndani kabisa ya manyoya ya zulia, fimbo haiwafikii. Mchuma janga hula na wa kwao, na hapa aliyelila ni mtoto. Alilazwa siku kumi na moja. Sasa anavuta dawa asubuhi na jioni, na wenzake wakikimbizana yeye hukaa ukutani akitazama.

Jirani mwenye mtoto mchanga aliliomba zulia. Bi Kitambaa alikataa, akalifukia. Alimweleza sababu, lakini jirani aliona ni uchoyo uliovishwa maneno, na mpaka leo hawasalimiani.

Jioni huvua nguo za kazi nje, nyuma ya pazia la gunia, na kuoga kabla ya kuingia. Mjukuu humngoja kizingitini, amefundishwa asimkumbatie. Kisha bibi hunyunyizia sakafu maji. Kesho yake kabla ya adhuhuri imekauka, vumbi limerudi, na usiku mluzi husikika tena.

Fundi amemwambia saruji mifuko minne itatosha kusakafia chumba, na miwili ameshainunua. Wiki ya kazi hiyo mtoto atalala kwa mwalimu, katika chumba ambacho bibi yake amekifuta miaka yote hii. Anataka yaishe kabla ya pepo kali kuanza, miezi miwili ijayo, kwa sababu daktari hakumficha: msimu ule mtoto huenda asiuvuke akilala juu ya udongo.

"Udongo haufutiki. Ukiufuta unapata tope," anasema, akikamua kitambaa juu ya ndoo. "Nataka nifute kwangu mara moja tu, nikitazame hiki kitambaa, nikikute cheupe."