Maziwa ya Kupeleka Kapkatet

Mama alivunjika mguu akichuma chai, akalazwa hospitali kule Kapkatet, na kwa siku tatu akakataa chakula. Ugali wao mgumu, supu yao maji matupu, chai yao imenyimwa maziwa. Alitaka kitu kimoja tu: mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kutoka kwenye kibuyu chake mwenyewe, kile kirefu kinachoning'inia jikoni kwake. Daktari alishasema kwamba asipokula, mfupa hautaunga vizuri. Dada zangu wameolewa mbali. Nikabaki mimi, mwalimu mstaafu ninayeishi Kericho mjini, mwanamume wa miaka sitini na ushee ambaye hajawahi kutayarisha maziwa hayo hata mara moja. Kwetu ni kazi ya wanawake, nami sikuwahi kuona sababu ya kuuliza inafanywaje.

"Ni rahisi," mama aliniambia. "Safisha kibuyu. Choma kijiti cha senetwet, usugue ndani na kaa lake. Maziwa yachemke, yapoe kabisa, ndipo umimine. Funga, ngoja siku tano." Kisha akanitazama vizuri. "Na uende moja kwa moja. Usianze kusimama njiani kufundishwa na miti."

Hapo lazima nijieleze. Nina ugonjwa huo. Siwezi kupita mahali bila kuokota somo la maisha. Nikiona shamba la chai limepogolewa limebaki vijiti, Jumapili inayofuata nitasimama kanisani niwaambie watu kwamba hata sisi hukatwa ili tuchipue. Nikiona ukungu unapanda kutoka bondeni, nina maneno yake pia. Vijana hutazamana kila nikishika kipaza sauti, na nilikuwa nikidhani wameguswa.

Basi nilisimama, bila shaka. Nilipovuka Bomet, nikielekea kwa mama, nilishuka kwenye pikipiki mapema makusudi, nitembee. Mvua ya mawe ilikuwa imepiga upande huo jana yake. Majani ya chai yamechanika ovyo, mengine yametapakaa chini, lakini mashina yamesimama palepale. Nikapiga picha. Nikaandika ujumbe mrefu kuhusu uvumilivu, nikautuma kwenye kundi la kanisa. Mwenye shamba alikuwepo, mama mmoja wa makamo, amesimama na kikapu kitupu mgongoni. Nikamwambia asijali, itachipuka tena.

"Itachipuka, ndiyo," alisema. "Na wiki hii nichume nini?"

Niliondoka nimeudhika. Nilimwona ni mtu asiye na imani. Leo nikikumbuka uso wake natamani nirudi nimwombe radhi, lakini hata njia ya kwenda kwake sikuiangalia, nilikuwa naangalia simu.

Nyumbani kwa mama nilitungua kibuyu, nikachungulia ndani. Cheusi ti! Kinanuka moshi na maziwa ya zamani. Niliona aibu kwa niaba ya mama. Mimi nimefundisha usafi darasani miaka thelathini! Nikateka maji moto, nikamimina sabuni ya kuoshea vyombo, nikafunga kitambaa kwenye fimbo, nikasugua. Nikamwaga, nikarudia, mara tatu, mpaka maji yakatoka safi. Na kwa kuwa sisikii, hapo pia nikapata somo: jinsi uchafu wa miaka unavyoweza kuondoka moyoni kwa asubuhi moja. Nilicheka peke yangu kwa furaha. Yaliyobaki nilifanya kama nilivyoambiwa, kijiti, kaa, maziwa yaliyopoa, siku tano za kungoja.

Siku ya sita nilifika wodini nimekipakata kibuyu kama mtoto mchanga. Mama alikuwa amekonda. Mifupa ya shingo ilikuwa imechomoza, na niliogopa. Alinyoosha mikono yote miwili, akafungua kifuniko, akanusa. Akanusa tena. Kisha akaacha lugha yetu ya Kipsigis, akaingia kwa Kiswahili, ili wodi nzima isikie.

"Umeosha hii kibuyu na nini?"

"Maji moto, mama."

"Na nini?"

"Na sabuni."

"Sabuni gani?"

"Ile ya vyombo. Ya ndimu."

Mama wa Kisii aliyelazwa kitanda cha pili alishika mdomo. "Woi, mwalimu," akasema.

Mama hakunionya kuhusu sabuni kwa sababu hakuna mtu anayeonywa asioshe chumvi. Kibuyu hunywa unachokitia, na sabuni ikishaingia haitoki. Hilo nililijulia pale, mbele ya wagonjwa kumi.

"Hii nilipewa na mama yangu siku naolewa," alisema, sasa kwa sauti ndogo. "Hiyo nyeusi ndani ni moshi yake, na yangu."

Nikamwambia nitamnunulia kingine soko la Bomet. Nilisikia upumbavu wangu kabla sijamaliza sentensi.

Alionja, funda moja, akakunja uso, akafunga kifuniko. Akakiweka kibuyu kifuani, akakishika hivyo muda mrefu. Nilitamani anigombeze. Halafu akamwita mhudumu aliyekuwa akigawa chakula, akaomba ugali. Ule ule mgumu. Akaanza kula, tonge moja moja, anatafuna polepole akitazama ukuta. Siku tisa nilikuwa nimeomba Mungu mama ale, na sasa anakula, na mimi siwezi kumtazama.

Alipofika nusu aligeuka.

"Haya, mwalimu. Leo umejifunza nini huko njiani?"

Wodi nzima ikageuka kunitazama. Mimi ambaye sijawahi kukosa jibu nilisogea karibu na kitanda. Nikamshikia sahani.