Sare ya Kanga Kiwandani

Mimi ndiye meneja ninayejidai kuwajua wafanyakazi wangu wa kiwanda cha sabuni za mwani. Alhamisi wanawake wote waliingia kazini wamevaa sare ya kanga. Nikajua huo ni mgomo, maana walikuwa wakiomba viti vya kukalia wakikata sabuni, nami napiga kalenda tu. Nikamwita mbio tajiri, mwenye kiwanda. Akaja ofisini kwangu, akamwahidi Bi Mwanaidi, msemaji wao, viti vipya. Wenzake mlangoni wakapiga vigelegele.

“Kwa hiyo mgomo basi?” akauliza tajiri.

“Mgomo gani, mwanangu? Leo mwenzetu anaolewa, tukitoka hapa tunakwenda harusini. Ahadi ya viti tushaipokea, haturejeshi! Meneja nilimpa kadi tangu juzi. Ile pale mezani, kaiwekea kikombe cha chai juu yake.”