Siku Nyanya Alipoganda Ukutani

Najua mmeshaisikia hii habari nusunusu kwa watu wa moto, hawa wa pikipiki, na kila mmoja anaongeza chumvi yake, basi afadhali muisikie kwangu mimi Furaha, mwenye aibu yenyewe, kisha mcheke mmalize.

Mnajua nina kibanda cha fotokopi hapa Kabambare, na kompyuta moja ya kubeba ambayo imechoka lakini bado inapiga kazi. Dada yangu Sifa (mtoto wa baba mudogo, lakini tumelala kitanda kimoja tangu utoto) aliolewa kule Kasongo na kijana anayeitwa Bienvenu, na mimi nikapewa kazi ya muziki na video ukumbini. Nyanya yetu yuko Lusangi, mgongo wake haukubali tena moto kwenye ile barabara, kwa hiyo nilimfuata nikamrekodi akitoa baraka zake, tuje tuzionyeshe ukutani kwa projekta mbele ya familia zote mbili.

Sasa sikilizeni nilichofanya. Asubuhi ya ndoa kompyuta ilikuwa inachemka, feni inalia kama mashine ya kusaga mihogo, nikaogopa itanizimikia. Prosesa yake ina viini vinne, sema ni kama watu wanne wanaogawana kazi, na nilikuwa nimeona kwenye simu, sijui nani alikuwa anafundisha, kwamba unaweza kuiamuru programu itumie kiini kimoja tu, wengine wapumzike. Nikaiamuru programu ya muziki. Nikaiamuru ya video. Zote nikazipeleka kwenye kiini kilekile cha kwanza (msiniulize kwa nini, niliona ni usafi). Feni ikanyamaza, nikajisifu. Tulipotoka kanisani nikafungua programu ya tatu, ile ya kuunganisha picha za kanisani ziwe filamu, kwa sababu baba mudogo alitaka kurudi nayo Kabambare, na hiyo nayo nikaibana palepale pamoja na wenzake, joto lisirudi.

Ukumbini muziki ukaanza kukatakata. Nikasema ni waya wa bafle, ile spika kubwa, nikaubadilisha, ukawa mzuri kidogo, nikashukuru, nikaacha muziki upige polepole chini na kufungua video ya nyanya. Akatokea ukutani, mkubwa, na kitambaa chake cha kijani, watu wakapiga vigelegele, akaanza: "Bienvenu, mimi siwezi kuficha. Mara ya kwanza kukuona, nilisema mu roho: huyu kijana simutaki..."

Hapo akaganda. Mdomo wazi, kidole kimenyooshwa, na sauti kwenye bafle haikukatika, ilibaki inarudia: taki, taki, taki, taki.

Wachache walicheka. Halafu hakuna aliyecheka.

Baba mudogo akanisogelea, anatabasamu kwa meno tu. "Furaha, zima hii kitu."

"Baba mudogo, inakataa."

"Inakataa namna gani? Si iko mashine yako?"

Nabonyeza, wapi! Mshale umegeuka duara, linazunguka tu. Nikawaza labda ni umeme wa jenereta unacheza, nikaomba wazime halafu wawashe tena. Wakazima. Ukuta ukawa mtupu, bafle kimya, watu wakashusha pumzi, na mimi pia. (Kumbe kompyuta ina betri, yenyewe haikuzimika hata kidogo.) Jenereta ilipowaka, nyanya akarudi na kidole chake: taki, taki, taki.

Mama Feza, shangazi aliyemlea Bienvenu, akasimama akakaza kitenge. "Tumewapokea vizuri, na nyinyi munakuja kututukana mbele ya batu? Na munarudilia!" Upande wao wote wakaanza kuinuka. Sifa alinitazama kutoka kwenye kiti cha maharusi, na machozi yalikuwa yameshachora njia kwenye poda.

Mimi sikuelewa kitu. Nikafaulu kufunga muziki, nyanya akasogea, akasema "kwa sababu", akaganda tena. Sasa muziki na nyanya wanajuana wapi? Nikasimamisha ile filamu ya kanisani, na mshale ukaamka. Nikashangaa zaidi, maana nilikuwa nimegusa kitu kimoja na kingine ndicho kinachopumua. Ndipo nikafungua dirisha linaloonyesha kompyuta inavyofanya kazi. Vijisanduku vinne: kimoja kilikuwa kimejaa mpaka juu muda wote, vitatu vimelala kabisa, havina hata habari ya ndoa. Programu tatu zilikuwa zinanyang'anyana kiini kimoja, na aliyezifungia humo ni mimi!

Nikazifungulia zote. Video ikaruka kama mbuzi aliyekata kamba, ikapita maneno yote ya katikati, nyanya akatua mwisho kabisa: "Mungu awabariki. Amina."

Mama Feza alikuwa ameshafika mlangoni. Nikapiga kelele, "Mama Feza, usitoke! Nyanya hajamaliza!"

"Amemaliza," akajibu bila kugeuka. "Amesema amina."

Nikairudisha video mwanzo. Lilipokaribia lile neno, ukumbi mzima ulibana pumzi, baba mudogo akafumba macho. "...huyu kijana simutaki, kwa sababu atamupeleka mutoto wetu mbali. Kisha ukakuja Lusangi, hakuna mutu alikutuma, ukashika jembe, ukalima shamba yangu mpaka jua ikaenda. Siku ile nikasema: sasa Bienvenu iko mutoto wangu, na Sifa iko mukwe."

Mama Feza akageuka. Akamtazama kijana wake, ambaye alikuwa amejifunika uso kwa mikono. "Ni yeye huyo," akasema. "Hata kwangu alikuwa analima hivyo." Akarudi kwenye kiti chake. "Rudilia hapo pa jembe."

Filamu ya kanisani iliharibika, na baba mudogo bado ananiuliza. Nami nimeapa: sitaipangia tena kompyuta kazi zake, ichemke, feni ilie mpaka hata mchungaji asisikike. Na nyanya aliponiuliza baraka zake zilipokelewaje, nilimwambia walizipenda sana, waliomba wazisikie tena na tena.