Mukate uliopanda sana

Kila mara jirani anapita na bidon ya malafu, pombe inayogemwa mu mingazi, harufu yake inanirudisha jikoni kwa bibi.

Nilikuwa mutoto, na ilikuwa mufungo. Bibi alinituma soko kununua levire, hamira ya kuinua mukate wa kufungulia. Njiani pikipiki ilinipita karibu sana, nikaruka, levire ikaanguka mu maji. Niliogopa kurudi mikono mitupu. Mugemaji mumoja, Mukristo, akanionea huruma, akanimiminia malafu mu chupa.

"Tia hii malafu kidogo, binti. Itapanda tu."

Nikaikandia unga, na mukate ukapanda kuliko siku zote. Bibi alifurahi. Azana ilipolia, akakata kipande, akakipeleka kinywani.

"Bibi, usikule. Iko na malafu."

Akakirudisha taratibu. Akanywa maji, akala ndizi.

"Uliogopa nani, Mungu ao mie?"

"Weye, bibi."

"Basi kesho uogope mbele ya kukanda, hapana kisha."

Akanituma nimupelekee mugemaji mukate wote. Ulikuwa ungali na moto, mwepesi kama pamba.

Mpaka leo, mbele ya kukanda, ninanusa kwanza mikono yangu.