Salamu Isiyoitikiwa

Juzi mgeni aliingia kwenye chumba cha gumzo ninachokisimamia, ambamo watumiaji wa mifumo huria ya kompyuta husaidiana kwa maandishi. Aliandika, "Shikamooni," kisha akanyamaza. Nikajikuta kimawazo nimerudi Kilole, Korogwe, dukani kwa shangazi Mwanaidi.

Duka lile la kompyuta lilinuka vumbi lililopata moto na chapati za jirani. Mchana ule printa iligoma huku wateja wakingoja nakala zao. Shangazi akanifungulia chumba cha gumzo kama hicho, akasema, "Waulize hao, mimi nawatuliza hawa."

Pembeni mwa kioo cha kompyuta yalijipanga majina ya watu. Niliamini wameketi pamoja ukumbini mahali fulani, na kwamba wote ni wazee, maana walijua kila kitu. Kijijini kwetu Sindeni husemi shida yako kabla mkubwa hajaitikia. Nikaandika, "Shikamooni," nikakunja mikono. Feni ililalama juu yangu.

"Wamesemaje?" aliuliza shangazi.

"Hawajaitikia salamu, shangazi."

Alicheka mpaka akashika meza. "Mwanangu, humo mtu anaanza na shida yake. Andika!"

Niliandika kwa haya, kama niliyeingia kwa watu bila hodi. Jibu likaja upesi, na printa ikaanza kunguruma.

Shangazi alisema kweli, nami huwaambia wageni wote hivyo hivyo. Lakini yule wa juzi alikuwa bado kimya, na nilijua anangoja nini. Nikamwandikia, "Marahaba, mwanangu. Haya, sema."