Fukusi wa Siku Nne za Matanga

"Baba mdogo, kwa nini mistari hii minne imezungushiwa wino mwekundu?"

Theopista alikuwa na miaka minane alipouliza, daftari la Rugemalira, mdogo wa baba yake, likiwa wazi magotini. Rugemalira alilichukua taratibu, akalirudisha juu ya kabati. "Nenda kamsaidie bibi kumenya ndizi."

Bibi hakuwa mtu wa kuficha neno. Alimweleza kwamba Rugemalira ndiye wa kwanza hapo kijijini, karibu na Maruku, kumaliza masomo ya sayansi Makerere. Baadaye alitaka nafasi ya utafiti Uingereza, miaka miwili ya kuchunguza wadudu wa mimea. Mwombaji alitakiwa kuonyesha kazi ya mkono wake. Basi kila asubuhi, kwa siku mia na themanini, aliingia kibanjani, shamba la migomba la baba yake, akafunua vipande vya shina la mgomba alivyolaza chini kama mitego, akahesabu fukusi waliojificha humo.

"Nilimwambia, mwana wange, wenzako wanahesabu ng'ombe," bibi alicheka. "Akanijibu, ng'ombe hawatoboi migomba yako, mama."

Kisha akaacha kucheka. Mwezi wa tano wa kazi hiyo babu alifariki. Siku nne za matanga jembe na kisu havigusi kibanja, na mtoto wa marehemu hatoki penye msiba. Rugemalira alikaa na wafiwa. Ile nafasi hakuipata. Bibi hakujua zaidi.

Miaka minane ikapita. Rugemalira alikuwa mwalimu wa shule ya kati Rwamishenye, chaki mfukoni, na ndoto ya Uingereza haikutajwa tena nyumbani. Likizo moja Theopista alimpelekea daftari lake la shule. Alikuwa akipima miche ya maharage, na homa ikamlaza siku tatu bila kupima.

"Klaudia, mwenzangu darasani, anasema nijaze tu, hakuna atakayejua."

Rugemalira alipanda kiti, akashusha daftari la zamani, akapangusa vumbi kwa kiganja.

"Uliniuliza kuhusu namba hizi," alisema. "Nilizitunga. Kumi na nne, kumi na tano, kumi na tatu, kumi na nne. Niliona aibu kumwandikia Mzungu mkaguzi wa maombi kwamba mila ilinizuia kuhesabu. Lakini siku zote nne ilinyesha, na katika hesabu zangu za siku nyingine fukusi walikuwa wakiongezeka kila inaponyesha. Mkaguzi alikuwa na vipimo vya mvua vya siku hizo. Akazungushia wino, akaniuliza, 'Hawa hawakuiona mvua?' Nikainamisha kichwa."

"Ungemwambia nini, baba mdogo?"

"Kwamba nilikuwa namzika baba yangu. Labda angecheka, labda angeelewa. Ila siku mia na sabini na sita zilizobaki zilikuwa za kweli, Theopista, na tangu hapo hakuna aliyeziamini."