Kofia ya kufungulia orodha ya vitabu

Juma hili nilikuwa katika ofisi moja ya kuchapa hati hapa Likasi, nikingoja cheti cha kazi cha mume wangu, mtoto mapajani. Makarani watatu wa pale wanatumia orodha moja ya vitabu vinavyotajwa katika tasnifu za wanafunzi, iliyo ndani ya kompyuta moja iliyounganishwa na nyingine kwa nyaya. Wawili wakiiandika kwa pamoja, inaharibika. Kwa hiyo wameweka sheria: mwenye kuvaa kofia ya mgodi ndiye peke yake anayeifungua.

Mwanafunzi akaingia mbio, tasnifu mkononi, akamwita karani mmoja. "Papa, munitolee orodha ya memwari yangu! Kamyo ya Lubumbashi inaenda!"

Karani akapapasa meza. Kofia haipo. Mwanangu alikuwa ameivaa, imemfika mdomoni.

Karani akainua mikono. "Mutoto iko na kofia. Njo yeye chef sasa. Mumuombe."

Nje lori hilo likapiga honi. Niliona haya, nikajaribu kuivua; mtoto akaishika kwa mikono miwili, akapiga kelele. Mwanafunzi akapiga magoti kama mbele ya mkubwa wa ofisi: "Chef, tafazali!" Kisha akatoa ndizi mfukoni. Mwanangu akaitazama, akavua kofia mwenyewe. Orodha ikatoka, kamyo ikawahiwa.

Nasikia wakubwa wetu kule Kinshasa hawataki kuachia viti. Labda hakuna aliyewapelekea ndizi.